P.P. Hayumo Ndani ya Kompyuta

Darasani tumezoea kusema kuwa P.P., yule mwenye nguvu katika riwaya ya Bina-Adamu! ya K.W. Wamitila (2002), ni ubeberu. Basi, tunafunga daftari. Eti kompyuta nayo ni silaha yake tu. Mimi nimeisoma riwaya hii kwetu Kongwa, na naona uhakiki huo hautoshi.

Kongwa inazijua mashine. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ili walime karanga. Mgogo, aliyeujua ukame na udongo ule unaokauka ukawa kama saruji, hakusikilizwa. Mwaka 1951 mpango ukafa, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Halafu mwaka 1974 Serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwanza mashine iliabudiwa, kisha ikaogopwa. Swali halikuulizwa: inamsikiliza nani?

Leo tumerudi kuabudu. Bina-Adamu anasafiri hadi Ulaya na Marekani, na huko anakuta majeraha ya historia. Kijana wetu anaiona London kwenye skrini ikimetameta tu. Akigeuka, bibi yake anayesonga ugali anamwona mshamba. Hapo ndipo P.P. anapoingia, kupitia macho yetu wenyewe.

Kwa hiyo dhamira ya riwaya, nionavyo, si kuikimbia mashine. Ni kuwatazama wengine pamoja na majeraha yao, nasi tukiwa na la kuwaambia. Anayepinga, na aandike.