Njia za Mkato za Mpika Mbege

Wapo wanaodhani mpika pombe hodari ni yule anayeshika kila kanuni aliyoachiwa na bibi yake. Kaa jikoni na akina mama wa Marangu au Kibosho, utaona kinyume. Mpika mahiri wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huruka kanuni nyingi bila wasiwasi, kisha hufika mahali akakataa katakata kuharakishwa. Ustadi wake umelala hapo: kujua kipi kinalegea na kipi hakilegei.

Kazi yenyewe ni ndefu. Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa, ukafunikwa hadi uote, ukaanikwa juani na kusagwa. Kimea hicho hupikwa uji, ukachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Uchungu hutoka kwenye gome la msesewe.

Humo mna nafasi kubwa ya kulegeza. Jiwe la kusagia limeipisha mashine, na hakuna mnywaji aliyelalamika. Asiye na muda wa kuotesha ulezi hununua kimea sokoni. Pipa la plastiki limeshika nafasi ya mtungi. Vipimo navyo viko machoni: mama huinua mwiko, akatazama uji unavyoshuka. Ukidondoka kwa mabonge, huongeza maji. Ukichuruzika mwepesi, huongeza unga. Mizani haimo jikoni, wala hakuna anayeiulizia.

Lakini mwambie aumimine uji huo ungali wa moto kwenye maji ya ndizi, uone atakavyokutazama. Joto lingeua chachu, na bila chachu hakuna mbege. Kwa hiyo atangoja hadi upoe, hata kama wageni wameshafika uani. Vilevile hataongeza sukari ili kufidia ndizi ambazo hazijaiva. Sukari huleta ukali, haileti ladha ya ndizi.

Maarifa haya ni ya mkono kabla ya kuwa ya karatasi. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Chachu haikutajwa, na wakati huo hakuna aliyejua ni kitu gani. Ilibidi kungoja karne ya 19, Louis Pasteur aeleze kazi ya chachu hiyo. Hata hivyo, wapikaji wa Ulaya walikuwa wakihifadhi mashapo ya pipa lililopita ili kuanzishia lijalo. Sheria ilipitwa, mkono ulijua.

Ipo pia kanuni ambayo kuilegeza ni kucheza na roho za watu: usafi wa nafaka na chombo. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Wachunguzi waligundua sumu ya bakteria, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko. Unga wenye harufu ya uvundo hautengenezeki kwa kuuchemsha, unatupwa.

Basi wewe unayejifunza, usione haya kutumia mashine, kununua kimea wala kukisia vipimo. Ila ndizi ziache ziive, uji uache upoe, na pipa ulisugue mwenyewe. Asiyeweza kuzingatia hayo matatu asipike mbege. Anunue kwa anayeweza.