Josho Pekee Halikutosha

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa uani huwaogesha kila wiki, na bado huwakuta na kupe masikioni. Lawama huiangukia dawa. Mara nyingine ni haki: imezimuliwa kupita kiasi, au kupe wamekuwa sugu. Lakini kiini cha tatizo kiko ardhini. Kupe wa kahawia wa masikioni, anayeeneza ndigana kali, humpanda mnyama mara tatu maishani: akiwa lava, akiwa tunutu, kisha akiwa amekomaa. Kila mara hunyonya siku chache tu na kudondoka. Hujibadilisha ardhini, na jike hutaga mayai kwa maelfu huko huko. Kwa sehemu kubwa ya uhai wake, basi, dawa iliyo mwilini mwa ng'ombe haimfikii.

Afrika Kusini ililijua hilo kwa gharama kubwa. Ndigana kali iliingia huko mwaka 1902, ikatokomezwa mwaka 1954. Majosho ya aseniki yanasifiwa sana, na yalistahili, ila yalifanya kazi pamoja na uzio, marufuku ya kuhamisha mifugo, uchinjaji wa waliougua, na hatua ninayoiona nzito kuliko zote: kuacha malisho yaliyoambukizwa bila ng'ombe kwa takriban miezi 15. Vimelea vya ugonjwa huu havirithiwi kupitia mayai. Lava au tunutu huvipata kwa ng'ombe mgonjwa na kuviambukiza katika hatua inayofuata. Kupe asipompata ng'ombe, mnyororo hukatika.

Mtu atasema uwanja wa nyumbani hauwezi kuachwa mtupu miezi 15. Ni kweli, ila ufugaji wa ndani huleta matokeo yale yale kwa njia nyingine: ng'ombe hakanyagi malisho, basi kupe wa malishoni hampati. Mwanya hubaki kwenye lishe. Majani yanayokatwa kando ya barabara, wanakopita ng'ombe wa kila mtu, huleta kupe hadi horini. Ndiyo maana kipande cha majani ya tembo kilichozungushiwa uzio kina thamani kubwa kuliko chupa nyingine ya dawa. Sakafu ya zege, nyufa zilizozibwa na nyasi fupi kuzunguka banda husaidia pia, kwa sababu mayai na lava hukauka upesi pasipo kivuli na unyevu.

Wapo wanaopendekeza kunyunyizia dawa uwanja mzima. Sikubaliani nao. Kupe waliojificha chini ya takataka na udongo hupona, huku nyuki wakifa na mvua ikisomba sumu hadi mtoni, ambako dawa za aina ya pareto ya viwandani huua samaki hata kwa kiasi kidogo. Chanjo ya ndigana kali nayo ni kinga ya kweli, lakini kwa ugonjwa huo tu. Haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na mkojo damu, na haiui kupe hata mmoja. Kuogesha kuendelee, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, dawa ikifika ndani ya masikio na chini ya mkia.