Maagizo Yasiyoonekana: Uhakiki wa Faili la defaults.vim

Programu ya kuandikia matini haianzi kazi ikiwa tupu. Kabla mwandishi hajagusa herufi ya kwanza, maamuzi mengi yamekwisha kufanywa kwa niaba yake. Katika Vim, programu ya Mholanzi Bram Moolenaar iliyotolewa mwaka 1991 na itumiwayo sana katika Linux, maamuzi hayo yamo katika faili liitwalo defaults.vim, lililoingizwa na toleo la 8.0 mwaka 2016. Lastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Kwa ufundi, ni matini safi: amri 200 hukumbukwa badala ya 50, sintaksia hupewa rangi, na maagizo mengi yana maelezo ya sababu yake. Kasoro ya kwanza iko katika utaratibu wa kusomwa. Vim husoma faili la mfumo mzima (katika Debian ni /etc/vim/vimrc), kisha ~/.vimrc la mtumiaji. Hilo la pili likikosekana, ndipo defaults.vim husomwa. Kwa hiyo msimamizi wa chumba cha kompyuta aweza kuandika agizo lake katika faili la mfumo, kisha likatenguliwa kwa kila mwanafunzi asiye na faili lake mwenyewe. Naye mwanafunzi aliyeandika mstari mmoja tu katika ~/.vimrc hupoteza defaults.vim nzima. Alitaka kuongeza jambo moja, akanyang'anywa mengi.

Kwa mwandishi wa Kiswahili kuna kasoro nzito zaidi. Agizo la linebreak halikuwashwa. Mstari mrefu hukatwa popote ukingo wa skrini unapoangukia, bila hata kistari. Katika Kiingereza hasara ni ndogo, maana maneno mengi ni mafupi. Katika lugha ya viambishi, neno «hawatatuandikia» laweza kukatwa baada ya «hawatatua», na msomaji akadhani kuna watu wasiotaka kutua. Ukaguzi wa tahajia, uliokuja na toleo la 7.0 mwaka 2006, huchukua Kiingereza usipoelekezwa vingine: ukiwashwa juu ya insha ya Kiswahili, karibu kila neno hutiwa alama ya kosa. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa ukurasa wa kwanza wa Vim huomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda.

Hata hivyo, faili la tahajia ya Kiswahili lipo, chini ya jina «sw». Mahali pasipo intaneti hunakiliwa kwa mkono katika ~/.vim/spell. Na neno la Lubumbashi lisilotambuliwa na kamusi huingizwa kwa amri ya zg, kishale kikiwa juu yake.

Kasoro zote zarekebishika katika faili la mfumo, mradi mpangilio uheshimiwe:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim
let skip_defaults_vim = 1
set linebreak
set spelllang=sw

Mstari wa pili ukitangulia wa kwanza, defaults.vim hujifunga mlangoni na haisomwi kamwe. Ukifuata, maagizo ya awali husomwa mara moja tu, ya msimamizi hubaki juu yake, na mwanafunzi aweza kuongeza lake katika ~/.vimrc bila kupoteza kitu.