Vitabu Vinne vya Vampiri: Kwa Nini Msomaji Anachoka Njiani

Wako vijana wengi hapa Kolwezi wanaojua Kifaransa vema, nao hupashana vitabu vya hadithi mkono kwa mkono. Kati yake viko vinne vya Stephenie Meyer, mwanamke wa Marekani. Kwa Kifaransa vinaitwa Fascination (2005), Tentation (2006), Hésitation (2007) na Révélation (2008). Sinema zake tano zilitoka tangu 2008 mpaka 2012, na wengine waliziona kabla ya kushika kitabu. Nami nimeona jambo moja: kijana anamaliza kitabu cha kwanza kwa siku tatu, cha pili kwa juma moja, cha tatu kwa mwezi mzima. Cha nne anakirudisha akiwa amefika nusu tu.

Wazazi wengine hufurahi, wakisema: vema, vitabu vile vina mashetani ndani yake. Swali la mashetani silo langu leo. Kijana yule hakukiacha kitabu kwa hofu. Alikiacha kwa kuchoka. Yafaa tuitafute sababu, maana nadhani alihukumu vema kuliko anavyojua mwenyewe.

Kwanza habari yenyewe. Bella, msichana wa miaka 17, anahamia kwa baba yake Charlie, mkuu wa polisi katika Forks, mji mdogo wa mvua nyingi. Shuleni anakutana na Edward Cullen. Huyu alizaliwa mwaka 1901. Mwaka 1918, alipokuwa karibu kufa kwa homa kubwa iliyoua watu dunia nzima, mganga mmoja aliye vampiri alimgeuza awe kama yeye. Tangu siku ile anabaki na miaka 17 daima. Vampiri ni kiumbe anayeishi kwa kunywa damu ya watu. Lakini jamaa ya Cullen wamejikataza jambo hilo, wanakunywa damu ya wanyama tu. Basi Edward anampenda Bella, na tena anaona kiu ya damu yake kuliko damu ya mtu mwingine yeyote.

Kwetu Katanga wazee walisimulia habari za batumbula, wale wakamataji wa watu usiku. Hakuna binti aliyeota kuolewa na mutumbula! Kwa hiyo kitabu cha kwanza kinatushangaza, na mshangao huo una haki yake. Mpenzi na adui wamekaa katika mtu mmoja. Kila mara Edward anapomkaribia Bella, inampasa kujishinda. Hapo msomaji halali usingizi.

Nguvu ya hadithi ya namna hii inatoka wapi? Inatoka katika deni. Pendo lililokatazwa lina bei yake, na msomaji anageuza ukurasa apate kujua nani atalipa, na atalipa nini. Jambo hili wazee wa nchi yetu walilijua zamani. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga walichora sana picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, na watu waliitundika katika chumba cha kupokea wageni. Anayepata unywele wake atatajirika. Lakini humpasa kutunza siri na kuwa mwaminifu kwake peke yake. Akivunja sharti, yote yamepotea. Habari ni fupi, hata mtoto anaifahamu, lakini haichoshi, kwa sababu sharti halilegei.

Sasa tuvitazame vitabu vingine kwa kipimo hicho. Katika cha pili Edward anamwacha Bella msituni, akidhani hivyo atamwokoa. Mwandishi anaweka kurasa zenye majina ya miezi tu, bila neno jingine, na kwa njia hiyo anatuonyesha huzuni kuliko kwa maneno mengi. Nasifu ukurasa ule mweupe. Bella analipa, nasi tunaona.

Cha tatu kinarudia mengi: hatari inakuja, Bella analindwa, Edward na Jacob, kijana anayegeuka mbwa-mwitu, wanashindana kwa ajili yake. Hapa msomaji anaanza kupiga miayo. Hata hivyo kitabu hiki kinahesabu deni waziwazi. Bella akitaka kuwa vampiri, atafarakana na baba na mama yake. Hatazaa kamwe, Rosalie, dada yake Edward, anamsimulia uchungu wa kukosa mtoto. Tena atakuwa na kiu kali ya damu ya watu muda mrefu. Na Jacob atavunjika moyo. Hayo ndiyo malipo manne. Msomaji aliyechoka anavumilia, kwa kuwa anataka kuona yakilipwa.

Katika kitabu cha nne hayalipwi. Bella anaolewa, anachukua mimba, anazaa mtoto wa kike, kisha anageuzwa. Utungu wa kuzaa ni mkali sana, sikatai. Lakini baadaye? Mtoto anaye. Kiu anaitawala mara moja, jambo ambalo tuliambiwa haliwezekani. Baba yake anaendelea kuja kumtembelea. Jacob naye hana uchungu tena, kwani moyo wake umefungwa kwa yule mtoto mchanga, naye atangoja akue! Mwishoni wanakuja Volturi, wakuu wa vampiri wote, na jeshi lao. Pande mbili zinasimama uwanjani, zinasema sana, kisha zinarudi nyumbani. Anayeuawa ni Irina, ambaye msomaji hamjui sana. Hata waliotengeneza sinema ilibidi waweke vita katika maono, wapate kitu cha kuonyesha.

Basi, ndiyo sababu kijana alikirudisha kitabu. Aliahidiwa deni, akaona limefutwa lote, wala hakuna aliyelilipa.

Mtu atanijibu: “Je, ni vibaya mambo yakiisha vema?” La, si vibaya. Hadithi nyingi za wazee zinaisha kwa arusi. Lakini yule kijana wa hadithi alivuka mto kwanza, akapigana na zimwi, akarudi na kovu. Furaha yake tunaiamini kwa sababu ya lile kovu. Mwandishi huyu anawapenda watu wake mno, mpaka hawezi kuwanyang'anya kitu chochote. Mwaka 2020 alitoa kitabu kingine, kurasa zaidi ya 600, akisimulia habari ya kwanza tena kwa kinywa cha Edward. Nadhani hata yeye alijua ya kuwa utamu ulikuwa kule mwanzo, siku deni lilipokuwa bado changa.

Wasomaji wa mji huu hawadanganyiki upesi katika jambo la bei. Mwaka 2014, watu wa Kasulo walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, hakuna aliyehitaji kufundishwa ya kuwa anayetaka mali ya shimo aweza kupoteza sakafu yake. Msichana anayemfuata mume mbali anajua ya kuwa mama yake hatakuwa karibu tena. Kitabu kinachomwambia atapata vyote, wala hataacha kimoja, hakimsaidii, tena hakimfurahishi.

Kwa hiyo, ninyi vijana, someni cha kwanza na cha pili. Mkichoka katika cha tatu, msione haya. Na mmoja wenu akitaka kuandika habari ya pendo la ajabu, Lualaba iko karibu, na Mamba Muntu bado ana sharti lake. Aandike, ila asilifute deni.