Panga, Fanya, Eleza: Somo la Darasa la Ypsilanti

Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, David Weikart na wenzake walianza kuwafundisha watoto wa miaka 3 na 4 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi. Kwa jumla walihusika watoto 123: 58 waliingia darasani, na 65 hawakuingizwa ili wapate kulinganishwa nao. Masomo yalichukua saa mbili na nusu, siku tano kwa wiki, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto. Jaribio hilo, Perry Preschool, halikujengwa juu ya kukariri alfabeti, na ndiyo maana kila mwenye chekechea anapaswa kulijua kwa undani.

Kiini chake kilikuja kuwa mzunguko wa hatua tatu: kupanga, kufanya na kueleza. Kabla ya kucheza, mtoto hutaja anachokusudia. Tuseme amesema, "Nitajenga gereji." Mwalimu hasemi "vizuri" akapita. Anauliza, "Utaanza na nini? Gari litaingilia wapi?" kisha ananyamaza na kusubiri. Mtoto anajenga, paa linaporomoka, anatafuta ubao mrefu zaidi. Baadaye, mbao zikiwa zimesharudishwa kabatini, anaulizwa: "Ulifanyaje mpaka paa likakaa?"

Kazi kubwa iko hapo. Vitu havipo tena machoni pake, hivyo ni lazima avikumbuke, avipange kwa mfuatano, aseme "kwanza", "halafu", "kwa sababu". Darasa la kwanza litamdai lugha hiyohiyo, ya kumweleza mtu jambo ambalo hakuliona. Swali la "hii rangi gani?" lina jibu moja ambalo mwalimu analijua tayari, na halimpi mtoto la kufikiri.

Alama za vipimo vya akili zilipanda upesi, kisha tofauti ikafifia watoto walipokuwa shule ya msingi. Wapo waliolipuuza jaribio kwa sababu hiyo, nami naona waliharakisha. Watoto hao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliopitia darasa lile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wana kipato kizuri zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Ni kweli kundi lilikuwa dogo, na kila mwalimu alikuwa na watoto wapatao sita tu.

Njia hiyo imefika pwani yetu pia. Madrasa za awali zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha Zanzibar na Kampala, ziliiunganisha na mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za wenyeji, pamoja na vifaa vinavyopatikana mtaani. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa 2008, ulionyesha watoto wa madrasa hizo wakipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani.

Mzazi unayetafuta chekechea, usiridhike na daftari lililojaa a, e, i, o, u. Omba ukae nyuma ya darasa nusu saa, uhesabu ni mara ngapi mtoto anaachiwa amalize sentensi yake mwenyewe.