Mwalimu Gani Aombwe Barua

Katika mambo yote anayotakiwa kuyatimiza kijana wa Afrika Mashariki aombaye nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, hakuna linaloamuliwa kwa haraka na kwa mazoea kuliko uchaguzi wa walimu watakaomwandikia barua za mapendekezo. Maana insha huiandika na kuifuta mara nyingi, na mitihani huifanyia matayarisho ya miezi, lakini ikija siku ya kutaja majina ya walimu huwaza tu ni nani mwenye cheo kikubwa, au ni nani aliyempa maksi nyingi, akamtaja, na jambo likawa limekwisha. Vigezo hivyo viwili ni dhaifu, na udhaifu wake huonekana mtu akichunguza jinsi barua zenyewe zinavyosomwa.

Tuanze na mkuu wa shule, kwa kuwa ndiye anayeombwa pasipo haja. Maombi mengi hupitia Common Application, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na ambao leo hutumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Na katika utaratibu huo mna nafasi mbili zilizo tafauti. Ya kwanza ni ya mshauri wa wanafunzi, ambaye hueleza habari za shule, masomo yanayofundishwa, na daraja ya mwombaji kati ya wenziwe; na katika shule zetu nyingi, zisizokuwa na mshauri wa namna hiyo, kazi hii huifanya mkuu wa shule au msaidizi wake. Ya pili ni ya mwalimu wa somo. Basi mwanafunzi amwekaye mkuu wa shule katika nafasi hii ya pili, ilhali hakumfundisha hata kipindi kimoja, amemwita shahidi yule yule mara mbili katika shauri moja, na nafasi iliyopasa kujazwa na mtu aliyemwona akifikiri imekwenda bure. Na hasara hiyo si ndogo: katika kesi ya udahili wa Harvard iliyosikizwa Boston mwaka 2018 ilidhihirika kuwa wasomaji wa maombi katika chuo hicho huipa kila barua namba yake, za walimu mbali na ya mshauri.

Fomu ya mwalimu nayo ina mafunzo. Kwa miaka mingi imekuwa na jedwali ambamo mwalimu humpima mwanafunzi kwa sifa mbalimbali, kama vile ubora wa maandishi yake, upya wa fikra zake, mchango wake katika mijadala ya darasani, uadilifu, na namna anavyoyapokea mashaka yanapomfika. Na madaraja ya kupimia huanzia chini ya wastani, yakapanda hata kufikia lile la juu kabisa, ambalo muradi wake ni kwamba mwanafunzi huyu ni miongoni mwa wachache bora ambao mwalimu amepata kukutana nao katika umri wote wa kazi yake. Kwa hiyo mwalimu aliyefundisha miaka mingi ana uzito wake, kwa kuwa analo kundi kubwa la kumlinganisha nalo mwombaji. Lakini jedwali hilo hilo lina nafasi ya kusema kuwa mwalimu hana msingi wa kuhukumu, na mkongwe wa miaka thelathini ambaye hakupata kukusikia ukitoa hoja hatakuwa na jingine la kujaza.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wasomaji wa chuoni wanazo maksi zako tayari. Hawahitaji mwalimu awakaririe. Hebu tuwaweke mbele yetu walimu wawili wa kubuni. Mmoja ni wa fizikia, ambaye mwanafunzi wake alikuwa wa kwanza kila muhula, naye aandika kwamba kijana ni hodari, mtiifu, mwenye bidii na adabu njema, maneno ambayo ni kweli tupu, na ambayo hupatikana katika vyeti vya tabia vya shule zetu zote. Mwingine ni wa hesabu, ambaye kwake kijana huyo huyo alianza vibaya, akapata alama za katikati, kisha asubuhi moja akaja na njia ya pili ya kuthibitisha jambo ambalo darasa zima lilikwisha kulifunga, na njia hiyo ilipoonekana ina kosa hakununa bali alikaa nayo mpaka akaliona kosa liko wapi. Sina shaka hata chembe kwamba barua ya huyu wa pili ndiyo yenye nguvu, ingawa maksi alizompa kijana ni chache zaidi, kwa sababu ndani yake mna tukio, na tukio haliwezi kuhamishwa likawa la mwanafunzi mwingine.

Barua zikiwa mbili, zitazamwe kwa pamoja. MIT hutaka moja itoke kwa mwalimu wa hesabu au sayansi, na ya pili kwa mwalimu wa fasihi, historia, elimu ya jamii au lugha. Na Stanford hutaka walimu wa masomo ya msingi waliofundisha katika miaka ya mwisho ya sekondari. Wanafunzi wetu wa sayansi huiona barua ya pili kuwa mzigo, wakamtafuta mtu yeyote. Laiti wangemkumbuka mwalimu wa Kiswahili! Aghalabu yeye ndiye aliyesoma kurasa nyingi zaidi za fikra zao, na amewasikia wakibishana juu ya riwaya na ushairi. Na barua yake, ikiandikwa au kufasiriwa kwa Kiingereza kizuri, itamwonyesha msomaji upande ambao mwalimu wa kemia hakupata kuuona.

Wakati nao una hukumu yake. Maombi ya mapema hufungwa kwa kawaida tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kwa kijana wa Kenya hizo ni siku za mtihani wa taifa na usahihishaji wake. Kwa wa Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei na pengine akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, mwalimu amekwisha kuwa mbali. Basi na aombwe kabla ya kuachana, apewe kumbukumbu fupi ya kazi mlizofanya pamoja, na ihakikishwe kuwa anayo anwani ya barua pepe anayoifungua, maana barua huipeleka mwenyewe bila kupita mkononi mwa mwanafunzi. Fomu itauliza pia kama mwombaji anaacha haki yake ya kuisoma barua hiyo baadaye, haki iliyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Aiache haki hiyo, maana barua isiyosomwa na msifiwa huaminiwa zaidi.

Nanyi walimu wetu, mkiombwa barua na mwanafunzi ambaye hamna la kumsemea ila maksi zake, mwambieni hivyo mapema na kwa upole, apate wasaa wa kumwomba mwingine.