Kicheko na Taharuki: Tamthilia ya Dürrenmatt Kutoka Jukwaani Hadi Kwenye Filamu

Wahakiki wengi huuzungumzia uchekeshaji katika tamthilia kana kwamba ni chumvi tu ya kukolezea maudhui mazito. Kwa mtazamo huo, mtayarishaji wa filamu au wa mchezo wa televisheni aichukuapo futuhi ya jukwaani na kuigeuza kisa cha taharuki, huwa amebadilisha fani pekee, maudhui yakabaki yalivyokuwa. Historia ya tamthilia moja mashuhuri ya Uswisi yaonyesha kuwa mtazamo huo una kasoro.

Tamthilia hiyo ni Der Besuch der alten Dame, yaani Ziara ya Bibi Kizee, ya Friedrich Dürrenmatt, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mjini Zürich mwaka 1956. Mwandishi mwenyewe aliiita futuhi yenye tanzia. Claire Zachanassian, mwanamke tajiri kupita kiasi, anarudi Güllen, mji wake wa kuzaliwa uliofukarika. Anaahidi kutoa bilioni moja, nusu iwe ya mji na nusu igawiwe familia zote, kwa sharti moja: auawe Alfred Ill, mwenye duka, ambaye zamani alimpa mimba kisha akaikana mahakamani kwa msaada wa mashahidi walionunuliwa. Meya analikataa sharti hilo kwa jina la utu, na umati unamshangilia. Claire anasema kuwa atangoja.

Kuanzia hapo kicheko ndicho kinachoisukuma tamthilia. Wenyeji wanaanza kukopa bidhaa, tena katika duka la Ill mwenyewe, na mmoja baada ya mwingine anaonekana amevaa viatu vipya vya manjano. Hakuna asemaye kwamba ataua, ilhali kila mmoja amekwisha kuitumia bei ya mauaji. Wahenga walilisema jambo hili kwa ufupi: kukopa harusi, kulipa matanga. Hadhira inapovicheka viatu vile, inakiri kwamba inaijua tamaa hiyo.

Kilele cha mbinu hii ni mkutano wa mwisho. Wenyeji wanapiga kura na kula kiapo cha haki mbele ya wapiga picha za habari. Taa inaharibika, na tukio zima linabidi lirudiwe kwa ajili ya kamera. Umati unarudia kila neno bila kukosea. Kisichorudiwa ni kilio cha Ill, kilichomtoka mara ya kwanza tu. Marudio hayo yanachekesha, na papo hapo yanafichua kuwa kiapo kile kilikuwa maigizo tangu mwanzo.

Kisa cha taharuki ni vigumu kulibeba tukio la namna hiyo, kwa kuwa taharuki hutegemea swali moja: je, mwindwa ataokoka? Bernhard Wicki alilifuata swali hilo katika filamu yake ya mwaka 1964, iliyoigizwa na Ingrid Bergman na Anthony Quinn. Katika dakika ya mwisho mwanamke yule tajiri anayazuia mauaji, na kumwacha mwanamume yule aishi miongoni mwa watu waliokuwa tayari kumuua. Mwisho huo una ukali wake, lakini unawapunguzia watu wa mji hatia yao: wamekusudia, hawakutenda. Mtazamaji naye anashusha pumzi, na swali juu ya viatu vyake mwenyewe linasahaulika.

Djibril Diop Mambéty wa Senegali alishika njia nyingine katika Hyènes, yaani Fisi, filamu ya Kiwolofu ya mwaka 1992. Güllen imekuwa Colobane, Claire amekuwa Linguère Ramatou, na Ill amekuwa Draman Drameh. Zinaingia friji na feni. Umuhimu wa kazi hii haumo katika kubadilisha majina, bali katika kumchagua fisi. Katika ngano za Kiwolofu fisi, Bouki, ni mlafi na mpumbavu anayeshindwa na Leuk, sungura. Msikilizaji wa Kiswahili anamjua pia: njia mbili zilimshinda fisi. Mambéty hakuhitaji kuuagiza ucheshi wa Ulaya. Aliukuta katika fasihi simulizi ya kwao. Mwishoni umati unamzunguka Draman, na unapotawanyika limebaki koti lake tu. Hakuna wa kulaumiwa peke yake, kwa maana wote wamekula.

Hata hivyo filamu hii ina upungufu. Picha za fisi zinarudishwa mara nyingi mno, kana kwamba mtazamaji hawezi kujifumbulia fumbo. Tena Ramatou amepewa uzito wa hakimu, ilhali Claire wa Dürrenmatt, abadilishaye waume kama nguo, naye anachekwa. Hivyo fedha yenyewe inaponea kejeli ambayo tamthilia haikuisamehe.

Suala hili lawahusu wanaoandika michezo ya televisheni kwa Kiswahili pamoja na wanaoifundisha. Kabla ya kuihamisha futuhi, yapasa kuuliza kicheko chake kinamshtaki nani. Kikiondolewa bila kutafutiwa badala katika jadi ya hadhira mpya, mshtakiwa ameachiliwa huru, hata kama wahusika na matukio yamehifadhiwa yote.